Kiberenge cha Baba Mdogo: siku 13 Moshi, kutoka chini ya mparachichi hadi Kahe

Nimerudi Tanga wiki iliyopita na weusi wa grisi haujatoka kwenye kucha. Haya nimeyaandika kwa kufuata daftari nililokuwa nalo mfukoni, picha za simu, na risiti ambazo mama mdogo alinitaka nizitunze kwenye kopo la maziwa.

Kwa asiyekijua, kiberenge ni kile kigari kidogo cha relini kinachobeba watu wa gengi, yaani kundi la mafundi wa kutunza njia ya reli, pamoja na nyundo zao, spana, koleo na bendera. Hakivuti behewa. Kazi yake ni kuwafikisha watu pale nati ilipolegea au taruma, ile nguzo inayolala chini ya reli, lilipokaa vibaya. Hiki chetu kilitengenezwa na D. Wickham & Co. wa mji wa Ware, Uingereza, na kibao chake cha shaba bado kipo ubavuni. Injini yake ni J.A.P. ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, jina lilelile la pikipiki za zamani. Baba mdogo alikuwa mnyapara wa gengi na alikipanda kwa miaka mingi. Kilipouzwa mnadani kama chuma chakavu, alikinunua kwa fedha ya kiinua mgongo. Tangu hapo kikakaa nyuma ya nyumba yake Njoro, hapo Moshi, chini ya mparachichi, na kila Krismasi husema mwakani atakiwasha. Mwaka huu ametimiza miaka 78. Nikaomba likizo.

Siku ya 1, Jumamosi 2 Agosti. Tanga hadi Moshi

Basi la saa moja asubuhi, nauli 22,000. Segera tulikaa dakika 40 kwa ajili ya tairi. Mombo nilikula mishikaki mitano na ndizi za kuchoma, 4,000. Kuanzia hapo reli huonekana na kupotea, mara iko karibu na lami, mara imezama vichakani.

Njia hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Sisi tuliozaliwa kwenye nyumba za reli tunaijua miaka hiyo kama tunavyojua siku zetu za kuzaliwa. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mmoja anayeshuka Hedaru. Akaniuliza naenda msiba au harusi. Nilipomwambia naenda kutengeneza kiberenge, alikaa kimya kidogo, kisha akafungua kiroba chake akanipa tangawizi ya kutosha birika kumi. "Mpelekee mzee, kifua chake kitakuwa na vumbi la reli."

Nilifika saa tisa. Shikamoo, marahaba, makande ya Kipare mezani, na kabla sijamaliza sahani Baba mdogo alikuwa ameshasimama mlangoni na tochi.

Siku ya 2, Jumapili 3 Agosti

Ibada ya kwanza, kisha tukatoa mabati. Chini ya kiti kulikuwa na tetea analalia mayai tisa. Mama mdogo akasema hakuna mtu atakayegusa kitu hadi usiku, kwa sababu kuku anayeatamia akihamishwa mchana huyaacha mayai. Tukasubiri. Saa mbili usiku alimbeba na mayai yake kwenye kapu, akamweka stoo gizani, na asubuhi tulimkuta ametulia vilevile.

Mchana huo tulikikagua bila kukisogeza. Fremu ya chuma ilikuwa nzima. Mbao za sakafu zilikuwa zimekwisha kwa mchwa, na vipande vya breki havikuwepo kabisa. Silinda ya kushoto ilikuwa huru, ya kulia pistoni imekwama. Magneto, kile kifaa kinachoizalishia injini umeme wa plagi, haikutoa cheche. Ndani ya kabureta nyigu walikuwa wamejenga vyumba vya udongo vinne. Magurudumu yalikuwa na kutu ya juu tu, na ukingo wa ndani unaolishika gurudumu lisitoke relini ulikuwa bado mnene. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote, maana ukingo ukiliwa hakuna fundi wa mtaani wa kukurudishia.

Siku ya 3, Jumatatu 4 Agosti

Tulimwaga kwenye silinda iliyokwama mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na tina ya kuyeyushia rangi, nusu kwa nusu, tukauacha unywe. Usiigonge pistoni kwa nyundo. Mafuta na siku mbili vitafanya kazi ambayo nyundo itaiharibu.

Kisha nikaenda kuomba kibali cha kukipitisha relini. Barua nilikuwa nimeituma tangu Juni. Katika ofisi ya kwanza haikuonekana, na waliniambia niandike nyingine. Niliiandika palepale kwenye benchi, nikapiga nakala tatu za risiti ya mnada ya Baba mdogo.

Nawaambia wanaotaka kufuata njia hii: karatasi kwanza, spana baadaye. Kupita relini bila kibali ni kosa, na chuma cha reli kikikutwa nyumbani kwako bila risiti utaeleza polisi hadi uchoke, kwa sababu wizi wa vyuma vya reli umeumiza watu na njia yenyewe. Risiti ya mnada ya Baba mdogo imekunjwa ndani ya Biblia yake hadi leo. Isingekuwepo, nisingethubutu hata kupiga picha.

Siku ya 4 na ya 5, Arusha

Kosta kutoka Moshi, 5,000 kila mmoja, magneto nimeipakata kwenye kanga na ekseli ya nyuma imelala kwenye njia ya kupita abiria. Konda alitaka 10,000 ya mzigo, tukamalizana kwa 6,000.

Ukihitaji kukereza chuma au kusuka mota, nenda Unga Limited. Barabara nzima ni sauti ya grainda, na ukimuuliza fundi wa kwanza kitu asichokiweza, atakushika mkono akupeleke kwa wa tatu. Ndivyo tulivyofika kwa kijana wa kusuka mota aliyeifungua magneto kwa utulivu wa mtu anayemvua mtoto shati. Koili ilikuwa imeungua, na waya wake ni mwembamba kama unywele. Akasema 90,000, tukakubaliana 70,000, na angehitaji hadi kesho yake jioni.

Ekseli ndiyo iliyokuwa na foleni. Sehemu inayokaa beringi ilikuwa imelika upande mmoja, kwa hiyo ilibidi ijazwe kwa kuchomelewa, kisha ikerezwe irudi kwenye kipimo. Mashine ilikuwa moja, na mbele yetu kulikuwa na dereva wa lori na ngoma zake nne za breki, mzigo wake umesimama Sakina. Baba mdogo alikaa kwenye tairi akaanza kuhesabu saa. Yule dereva akamtazama, akamtazama tena, akauliza kile chuma ni cha nini. Alipojibiwa, alimwambia fundi: "Mzee atangulie." Saa nne za siku yake ya kazi alizitoa hivyo tu. Nilimnunulia loshoro na chapati mbili, akapokea loshoro akarudisha chapati.

Gesti Ngarenaro 20,000 kwa chumba, maji ya moto yapo ukiwahi. Kukereza 45,000, beringi mpya jozi mbili 76,000.

Siku ya 6, Alhamisi 7 Agosti

Tumerudi Moshi na magneto inayotoa cheche ya buluu. Baba mdogo aliizungusha kwa mkono ndani ya kosta hadi konda akaomba aache.

Jioni ilikuwa ya breki. Breki za kiberenge hiki ni vipande vya mbao vinavyobana magurudumu, na mbao ikiwa laini inaungua na kunuka kabla hujasimama. Seremala wa jirani alileta mninga. Baba mdogo aliukwaruza kwa ukucha, akaurudisha. Wa pili ulikuwa loliondo, mbao ile nzito ambayo msumari unapinda kabla haujaingia. Hiyo aliipokea.

Aliweka kipande kwenye goti, akaanza kukichonga kwa tezo, kidogo kidogo, kila baada ya mapigo kumi anakwenda kukijaribu kwenye gurudumu. Alikuwa amelipaka gurudumu masizi ya sufuria. Kila alipoligusisha, weusi ulibaki kwenye mbao pale tu palipogusa, na hapo ndipo alipochonga. Alirudia hadi kipande chote kikawa cheusi kuanzia juu hadi chini, maana yake mbao inagusa gurudumu kote. Vipande vinne, saa tatu na nusu. Sikumsaidia kwa lolote isipokuwa kushika taa.

Siku ya 7, Ijumaa 8 Agosti

Nane Nane. Maduka ya vipuri yamefungwa au wenyewe wako maonyesho ya Themi, Arusha. Tulihitaji cheni na hatukuipata. Ukipanga kazi ya namna hii, usiiweke wiki ya Nane Nane. Nilipoteza siku nzima nikizunguka hadi Mbuyuni, na faida pekee ni parachichi za 500 na mama mmoja aliyenionyesha duka la vipuri vya mashine za kusaga, akaniambia nirudi Jumamosi.

Pistoni iliachia usiku huo. Tuliisukuma kwa gogo la mti laini, ikashuka bila kelele.

Siku ya 8, Jumamosi 9 Agosti

Cheni imepatikana kwenye lile duka, 60,000. Kabureta imesafishwa kwa petroli na sindano ya kushonea. Oili mpya, plagi mpya mbili.

Tulianza kuzungusha hendeli saa nne asubuhi, kiberenge kikiwa juu ya magogo. Hakuna. Saa sita, hakuna. Niliangalia cheche, ipo. Petroli inafika. Baba mdogo alikuwa amekaa pembeni na chai ya tangawizi ya yule mama wa Hedaru. Akauliza, "Mama, waya zipi umeanza nazo?" Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Nilikuwa nimebadilisha waya za plagi, ya kulia kushoto. Nikazirudisha.

Mzungusho wa pili baada ya hapo, iliwaka. Iliwaka kwa sekunde kama sita, moshi wa buluu ukajaa mparachichini, ikazima. Mama mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyesema neno. Tukaiwasha tena, ikakaa, na Baba mdogo akaweka kiganja juu ya tangi akakiacha hapo hadi petroli ilipokwisha.

Siku ya 9 na ya 10

Sakafu mpya, msasa, rangi, kungoja simu ya kibali. Mimi nilitaka njano, kama nilivyoona kwenye picha za Marekani. Huko wapenzi wa vigari hivi wana chama chao, NARCOA, tangu mwaka 1980, na vingi vyao vimetoka kiwanda cha Fairmont, jimbo la Minnesota. Kuna aina yenye injini ya silinda moja inayoweza kuzunguka mbele au nyuma, ukitaka kurudi ulikotoka unaizima na kuiwasha kwa kuzunguka kinyume. Nilimweleza pia kwamba magurudumu yao huwekewa kihami umeme usipite kutoka reli moja hadi nyingine, ili taa za makutano na barabara zisijiwashe, na ndiyo maana hulazimika kusimama kila makutano na kupunga bendera wenyewe. Alisikiliza kwa makini sana. Hilo la bendera lilimpendeza. Rangi ikabaki kijivu, kama alivyokiacha.

Siku ya 11, Jumanne 12 Agosti

Simu ilikuja saa mbili asubuhi. Tumeruhusiwa kujaribu kwenye njia ya pembeni ya ghala moja lisilotumika, na ikiwa breki zitampendeza mkaguzi, kesho yake tufuate nyuma ya kiberenge cha gengi hadi Kahe. Masharti: mtu wa reli akae nasi na bendera, tusizidi kilomita 20 kwa saa, viatu vya usalama na vizibao vya kung'aa kwa wote.

Kirikuu cha kukibeba 30,000. Kukipandisha ilikuwa kazi ya watu sita, na vijana wa bodaboda wa kijiweni walikuja wenyewe. Kukiweka relini ndiko kulikonifundisha kitu. Nafasi kati ya reli mbili ni mita moja kamili, na sisi tulihangaika kukilenga kama tunaingiza sanduku chini ya kitanda. Baba mdogo akatuambia tushushe upande mmoja tu, gurudumu likae relini, kisha tuuzungushe ule mwingine kama mlango. Kilikaa kwa mara moja.

Mkaguzi alitaka tusimame ndani ya urefu wa reli mbili. Tulisimama ndani ya moja na nusu. Akainama akanusa breki, akauliza mbao gani.

Siku ya 12, Jumatano 13 Agosti. Moshi hadi Kahe na kurudi

Siku isiyo na treni. Saa moja na dakika 20 asubuhi, mlima umejifunika, baridi ya kutosha koti. Kiberenge cha gengi kilitutangulia kama mita 400.

Nimepita sehemu hii kwa treni mara mbili tangu safari za abiria ziliporudi Moshi Desemba 2019. Ndani ya behewa huoni kitu. Kwenye kiberenge, reli iko mita moja chini ya magoti yako. Unaona taruma moja moja, za chuma, kwa sababu Wajerumani walioijenga walijua mchwa wa huku hauachi mbao. Unaona mahali kokoto zimeoshwa na mvua za masika. Mama anayechota maji mferejini anakusalimu na una muda wa kuitikia salamu yote.

Hakuna kipima mwendo. Baba mdogo alinipa simu yangu mwenyewe akasema nihesabu sekunde 44, yeye ahesabu maungio. Reli hizi tulizipima jana yake, futi 40 kila kipande, na kwa urefu huo idadi ya maungio unayoyasikia ndani ya sekunde 44 ndiyo kilomita zako kwa saa. Tak-tak, tak-tak. Alihesabu 17 akiwa amefumba macho. Kisha bila kuyafumbua akasema, "Hilo la kumi na mbili limelegea, upande wako." Mtu wa reli aliyekuwa nasi aliandika.

Kila makutano na barabara tulisimama, mmoja akashuka na bendera nyekundu, tukavuka polepole. Watu wa bodaboda walipiga honi. Mpunga wa Chekereni ulionekana kwa mbali, kijani kabisa katikati ya vumbi la Agosti.

Baada ya kama saa moja, cheni ilikatika. Kiungo cha kufungia kilichomoka na kile kipini chake kidogo kikarukia kwenye kokoto. Cheni ya akiba hatukuwa nayo, nami nalisema wazi ili wewe uibebe, pamoja na vipini vitatu, vina bei ya soda. Tulikishusha kiberenge kwa utaratibu, tukampigia kiongozi wa gengi. Watoto wanne waliokuwa wakichunga mbuzi walisogea, wakauliza tumepoteza nini, nikawachorea kwenye daftari. Walipanga mstari, kila mmoja akachukua nafasi kati ya mataruma mawili, wakainua kokoto moja moja. Dakika 20. Mdogo wao, hata sita hajafika, ndiye aliyekiona. Bibi yao alituletea uji wa ulezi kwenye jagi, akakataa fedha, akakubali tangawizi iliyobaki.

Kahe tulifika saa tano kasoro. Ni stesheni tulivu, lakini ndipo njia ya Taveta na Voi ilipoungana na hii, ile iliyojengwa na jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tulikula mayai ya kuchemsha na mama mdogo alikuwa ametufungia machalari, bado ya vuguvugu.

Kijana wa mwisho katika gengi alikuwa akigonga nati moja moja kwa nyundo ya mpini mrefu. Nati iliyokaza hulia kama kengele ndogo, iliyolegea hutoa sauti ya kigae. Baba mdogo alisimama karibu naye, mikono nyuma. Baada ya nati kama kumi kijana akampa nyundo. Akagonga, ikalia. Akagonga, ikalia. Ya tatu aliigonga mara mbili, akageuza uso pembeni, sikio chini, akamwonyesha kijana kwa kidole. Kijana akaleta spana. Sikupiga picha hapo.

Kurudi ni kupanda, Kahe iko chini ya Moshi kwa kama mita 100, na silinda ya kulia ilianza kulowesha plagi oili. Mara mbili tulisimama kuisafisha kwa brashi ya waya. Saa tisa na robo tulikuwa Moshi, na mlima ulikuwa umefunguka wote, theluji yake kidogo juu.

Siku ya 13, Alhamisi 14 Agosti

Basi la saa tatu, 22,000. Nimejumlisha kopo la maziwa: kutengeneza kumetugharimu 684,000, bila nauli na chakula, na kubwa kuliko yote ni mbao na mabati ya kibanda kipya, kwa sababu mama mdogo hakubali kiberenge kinyeshewe tena.

Ringi za silinda ya kulia zimechoka. Nimeacha vipimo kwa yule mkereza wa Unga Limited, na kama kuna msomaji ambaye babu yake aliacha injini ya J.A.P. stoo, hata iliyokufa, nauliza kwa dhati kama ringi zake bado zipo. Zikipatikana, barua ya kuomba njia ya upande wa pili, ile ya 1929 inayopanda kuelekea Arusha, ameshaiandika Baba mdogo kwa mkono wake. Anasema tufike Rundugai tu kwanza, na cheni ziwe mbili.